Ganda la risasi la kujaza upya: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Ganda la risasi ya shotgun likiokotwa porini halitupwi. Plastiki nzima, kitako cha shaba bado kinang'aa, na mwenye nalo anaona kabisa kwamba linajazika. Kuanzia Sikonge hadi Urambo hukosi mtu wa kukueleza namna. Mengi ya anayokueleza si kweli.

"Baruti ni baruti tu."
Hili ndilo baya kuliko yote, na chanzo chake kinaeleweka. Gobore lilikuwepo Unyamwezi hata kabla ya Mtemi Mirambo kufariki mwaka 1884, na ujuzi wa gobore ni ujuzi wa baruti nyeusi: shura, kiberiti na mkaa, vikapimwa kwa kifuniko. Risasi za kiwandani za leo zina kitu kingine kabisa, baruti isiyo na moshi, ambayo asili yake ni nitroselulosi. Hiyo kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuungua kwa kasi. Ipime kwa kifuniko kilekile, na mgandamizo ndani ya mtutu unapanda mara kadhaa. Kuikamua kutoka kwenye risasi moja ukaimimina kwenye gobore ni kutafuta kupasukiwa na mtutu, tena karibu na mkono unaoushika.

Hata kupima kwa gramu peke yake hakutoshi. Marekani na Uingereza watu hujaza risasi nyumbani kihalali, ila wana mashine ya mezani, mizani nyeti na jedwali lililojaribiwa maabara. Jedwali hilo linataja aina ya ganda, fataki (kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti), baruti, kizibo cha plastiki kinachotenganisha baruti na gololi, na uzito wa gololi. Badilisha kimoja tu na namba zile hazikuhusu tena. Wanaoiga huku kwetu wameona mashine kwenye video, jedwali hawakuliona.

"Ikilia kidogo, weka nyingine uendelee."
Hapana! Risasi ikigoma kabisa, ni hasara tu. Inayolia "puu" kama chupa iliyozibuliwa ndiyo ya kuogopa. Pengine mdomo wa ganda haukukunjwa vizuri, au baruti ilivuta unyevu wa masika, au kizibo hakikukaa sawa na gesi ikavuja pembeni. Gololi chache zinadondoka hatua chache mbele, na kizibo kinabaki katikati ya mtutu. Risasi inayofuata inakikuta pale, mtutu unavimba au unapasuka. Kwa hiyo simama, toa risasi zote, fungua bunduki, kisha chungulia mtutu kwa upande wa nyuma. Usipoona mwanga mduara mzima, siku hiyo uwindaji umekwisha.

"Isipolia, fungua haraka uone."
Fataki inaweza kuchelewa kuwasha baruti. Elekeza mdomo wa bunduki mahali salama usipungue sekunde 30, halafu ndipo ufungue.

"Ikigoma kuingia, isukume."
Kitako cha shaba huvimba kila kinapopigwa, ndiyo maana wajazaji wenye mashine hukirudisha kwanza kwenye kipimo chake. Pitisha kidole kwenye kitako: fataki ikijitokeza hata kidogo juu ya usawa wake, bunduki ikifungwa kwa nguvu inaweza kulipuka kabla haijajifunga.

"Geji 20 nayo inafaa kwenye 12, kwani si ndogo?"
Ndogo ndiyo, na hapo ndipo penye mtego. Geji ni hesabu ya gololi za madini ya risasi zenye upana wa mtutu zinazofanya ratili moja, yaani gramu 454. Zikiwa 12, mtutu una milimita 18.5 hivi; zikiwa 20, milimita 15.6. Ganda la 20 linateleza ndani ya bunduki ya 12, linakwama mbele kidogo, linaacha nafasi ya risasi ya 12 kuingia nyuma yake, na ukifyatua mtutu unaweza kupasuka. Mengi ya maganda ya 20 hutiwa rangi ya njano kwa sababu hii.

"Bunduki yangu ina kibali, ninachojaza ni siri yangu."
Kibali cha kumiliki si leseni ya kutengeneza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza risasi bila leseni, na gobore la urithi nalo linahesabika kuwa silaha.

"Risasi mbovu zipulizie mafuta, au choma tu na taka."
Mafuta hayaiponyi risasi mbovu; yanaweza kupenya kwenye fataki na kuiharibu. Kuchoma ndiyo usithubutu, wapelekee polisi. Nje ya mtutu gololi haziendi mbali, lakini fataki na vipande vya kitako vikiruka kutoka motoni vinatosha kumtoboa jicho mtoto anayeota moto.