Ukristo wa Kiyahudi: Petro na Paulo hawakuhama dini

Ukristo wa Kiyahudi ni imani na mwenendo wa Wayahudi wa karne za kwanza waliomkiri Yesu wa Nazareti kuwa Masihi huku wakiendelea kuishi Kiyahudi. Walitahiri watoto wao wa kiume, walishika Sabato, walikula kwa masharti ya Torati, na hekalu lilipokuwa bado limesimama walisali humo. Wanafunzi wa kwanza wote walikuwa hao. Maana yenyewe inaishia hapo.

Kilichonifanya niandike ni mahubiri ninayoyasikia redioni na mimbarani kila Pentekoste inapokaribia: kwamba siku ile Uyahudi ulikoma na Ukristo ukaanza, na kwamba Paulo alipokutana na Bwana njiani Dameski aliacha dini ya Kiyahudi akaingia ya Kikristo, hata jina akabadilishiwa. Wanaosema hivyo wengi ni watu wanaolipenda Neno na kulisoma kila siku. Ndiyo maana inaniuma, kwa kuwa Neno lenyewe halisemi hivyo.

Pentekoste ilikuwa sikukuu ya Kiyahudi, Sikukuu ya Majuma, na umati uliomsikia Petro ulikuwa Yerusalemu katika majira ya sikukuu hiyo. Walipobatizwa watu wapata 3,000, Luka, mwandishi wa Matendo, anasema waliendelea kukutana hekaluni kila siku. Sura inayofuata, Petro na Yohana wanakwea hekaluni saa ya kusali, saa tisa, wakati wa sadaka ya alasiri. Miaka zaidi ya 20 inapita, na Paulo anaipita Efeso bila kukawia kwa sababu anataka, ikiwezekana, awe Yerusalemu siku ya Pentekoste (Matendo 20:16). Nani huikimbilia sikukuu ya dini aliyokwisha kuiacha?

Jina nalo. Njiani Dameski sauti inaita, "Sauli, Sauli." Anania, mwanafunzi wa Dameski, anamwita "Ndugu Sauli." Baadaye sana, katika Matendo 13:2, Roho Mtakatifu mwenyewe anaagiza kanisa la Antiokia litenge Barnaba na Sauli. Ni huko Kipro, mbele ya liwali Sergio Paulo, ndipo Luka anapodokeza kwamba Sauli huyo pia ndiye Paulo. Alikuwa na majina mawili, la Kiebrania na la Kirumi, kama Wayahudi wengi wa ughaibuni, na kama Yohana aitwaye Marko aliyekuwa naye katika safari hiyohiyo. Mungu alipombadilishia jina Abramu, Biblia ilitamka waziwazi. Kwa Sauli haikutamka.

Najua nitajibiwa kwa Wagalatia 1:13, anapotaja mwenendo wake wa zamani "katika dini ya Kiyahudi". Soma aya nzima na inayofuata. Anachokiweka nyuma yake ni kulitesa kanisa, na bidii iliyompita kila mtu wa rika lake katika mapokeo ya baba zake. Kisha anasema Mungu alimtenga tangu tumboni mwa mama yake, maneno ya kuitwa kwa nabii kama Yeremia. Nabii anayeitwa hahami dini. Na katika Warumi 11:1, kwa wakati uliopo, anasema yeye ni Mwisraeli, wa uzao wa Ibrahimu, wa kabila ya Benyamini. Mbele ya baraza, Matendo 23:6, anatamka kwamba yeye ni Farisayo. Hasemi alikuwa.

Sura ninayotamani isomwe taratibu makanisani ni Matendo 21. Paulo anafika Yerusalemu, anapokewa na Yakobo ndugu yake Bwana pamoja na wazee. Wanamwambia kuna maelfu ya Wayahudi walioamini, nao wote wana bidii kwa ajili ya Torati. Halafu wanamweleza uvumi uliowafikia: kwamba anawafundisha Wayahudi wanaokaa kati ya Mataifa kumwacha Musa na kutowatahiri watoto wao. Kauli tunayoihubiri leo kama sifa ya Paulo, Yerusalemu ilikuwa shutuma dhidi yake, na yeye alikubali kuikanusha kwa vitendo. Alijitakasa, akaingia hekaluni, akawagharimia watu wanne waliokuwa na nadhiri ili wanyoe vichwa vyao na sadaka zitolewe.

Basi ugomvi wa mitume ulikuwa juu ya nini? Hapa ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Mkutano wa Yerusalemu, wapata mwaka 49, haukuuliza kama Myahudi aliyemwamini Yesu aendelee kuishika Torati. Hakuna aliyelitilia shaka hilo. Uliuliza kama mtu wa Mataifa ni lazima atahiriwe, yaani awe Myahudi kwanza, ndipo aokoke. Jibu lilikuwa hapana, na Mataifa wakapewa masharti manne tu: wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Angalia Paulo anavyotenda. Tito ni Myunani, na Paulo anakataa katakata atahiriwe. Timotheo mama yake ni Myahudi, na Paulo anamtahiri yeye mwenyewe. Ukidhani Paulo aliipinga tohara kwa kila mtu, utamwona kigeugeu. Ukielewa swali lilihusu nani, unamwona mtu mwenye msimamo mmoja.

Kutengana kulikuja, lakini polepole, na hakukufika kila mahali kwa wakati mmoja. Mwaka 62 kuhani mkuu Anano alimfanya Yakobo apigwe mawe, na mwanahistoria Myahudi Yosefo anaandika kwamba watu wa mji walioshika sheria kwa makini walichukizwa na tendo hilo, hata Anano akaondolewa madarakani. Yaani kiongozi wa kanisa la Yerusalemu aliuawa, na Wayahudi wacha Mungu wakakasirika. Mwaka 70 Warumi waliteketeza hekalu. Marabi waliokusanyika katika mji wa Yavne wakaanza kazi ambayo kufikia mwaka 200 hivi ilizaa Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya marabi, na wafuasi wa Yesu wakaendelea na njia yao. Kwa hiyo hata kuuita Ukristo mtoto wa Uyahudi tunaouona leo kuna kasoro. Ni ndugu wawili waliotoka katika nyumba moja iliyoungua.

Dola ya Roma nayo ilichangia. Kaisari Vespasiano aliamuru kila Myahudi alipe drakma mbili, zile zilizokuwa zikienda hekaluni, sasa ziende kwa Jupita huko Roma. Swali la nani ni Myahudi na nani siye likawa swali la mtoza kodi. Kisha vita vya Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, 132 hadi 135, Wakristo wakiwa hawawezi kumfuata mtu aliyedhaniwa kuwa masihi mwingine. Baada ya kushindwa, Wayahudi walipigwa marufuku Yerusalemu, na mwanahistoria wa kanisa Eusebi wa Kaisarea anaeleza kwamba mpaka hapo maaskofu wote wa mji huo walikuwa Waebrania. Waliofuata walitoka kwa Mataifa.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika neno "Ukristo" ni Ignasi, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, na aliliandika akiliweka dhidi ya Uyahudi. Petro alikwisha kufa, Paulo alikwisha kufa, na hakuna hata mmoja wao aliyelitumia katika barua tulizo nazo. Tena Ignasi aliwakemea watu waliochanganya mambo hayo mawili, na askofu hapotezi wino kukataza jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Katika kitabu alichokiandika wapata mwaka 160, Yustino Mfiadini, mwalimu wa Kikristo, anaulizwa na Myahudi Trifo: Je, anayemwamini Yesu na bado akaishika Torati ataokoka? Yustino anajibu kwamba kwa maoni yake ataokoka, mradi asiwashurutishe wengine, lakini anakiri wapo Wakristo wasiotaka hata kukaa na mtu wa namna hiyo. Nikifika hapo husimama. Miaka 110 kabla, swali lilikuwa kama Mmataifa atakubaliwa bila kuwa Myahudi. Sasa aliyekubaliwa ndiye anayeulizwa kama mwenye nyumba ana nafasi. Paulo aliwaonya Warumi kuhusu hilohilo, matawi ya mzeituni mwitu yasijisifu juu ya shina, na onyo lake halikusikilizwa.

Makanisa ya Asia yaliadhimisha Pasaka siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, siku moja na Wayahudi, na Roma ikawabana kwa ajili hiyo. Baada ya Mtaguso wa Nisea wa 325, Kaisari Konstantino aliandika kwamba haifai kufuata desturi ya Wayahudi katika sikukuu hiyo. Wakubwa wakaamua hivyo. Watu wa kawaida walichelewa. Mwaka 386, Antiokia ileile ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, padre Yohana Krisostomo alihubiri kwa ukali dhidi ya waumini wake waliokwenda sinagogi kwenye sikukuu za Kiyahudi na kula viapo huko. Hotuba hizo zina matusi mazito dhidi ya Wayahudi, na katika vizazi vilivyofuata zilitumika kuhalalisha chuki. Mwanzoni mwa karne ya 5, mtaalamu wa Biblia Jeromu alimwandikia askofu Augustino kuhusu Wanazareti, Wayahudi waliomwamini Yesu na bado wakaishika Torati: wakitaka kuwa Wayahudi na Wakristo pamoja, si hao wala hao. Ilichukua zaidi ya miaka 300 tangu Pentekoste kufikia sentensi hiyo.

Lipo na kosa la upande wa pili, la wanaopuliza pembe ya kondoo ibadani na kujifunika shali za maombi wakiamini wameurudia Ukristo wa mitume. Nia yao naiheshimu. Lakini Uyahudi wa Petro ulikuwa na hekalu, makuhani na sadaka, na hicho hakirudishwi kwa kununua vifaa. Zaidi ya hayo, mitume wenyewe waliamua kwamba Mataifa hawadaiwi kuishi Kiyahudi.

Ndugu mhubiri, ukisema Paulo aliitwa, au aligeuzwa kutoka mtesi kuwa mtume, uko sawa kabisa. Ukisema aliacha Uyahudi akahamia Ukristo, unampa chaguo ambalo siku zake halikuwapo. Na wale waliowasumbua Wagalatia waitwe kwa kosa lao, kuwalazimisha Mataifa watahiriwe. Yakobo asihesabiwe kati yao kwa sababu tu aliishi Kiyahudi: barua iliyotoka Yerusalemu, Matendo 15:24, inasema wazi kwamba watu wa namna hiyo hawakuagizwa, na Wagalatia 2:9 inamtaja yeye kwanza kati ya waliompa Paulo mkono wa kuume wa ushirika.