Maana ya "kawaida" katika Kipindi cha Kawaida

"Jumapili hii ni ya kawaida tu, tuimbe chochote." Kauli hii nimeisikia katika mazoezi ya kwaya mara nyingi mno, na juzi imetoka kinywani mwa mtu ninayemheshimu, wa sauti ya nne, anayesoma solfa vizuri kuliko wengi wetu. Hakuna aliyemsahihisha. Mwalimu alifunua daftari, zikachaguliwa nyimbo sita ambazo kila mtu anazijua, tukatawanyika mapema.

Kwaya hiyohiyo ikifika Majilio inajua kwamba wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika, yaani Jumapili. Ikifika Kwaresima, mtu akianza kuimba Aleluya kwa kusahau anakanyagwa mguu na jirani yake. Kwa Pasaka tunafanya mazoezi hadi usiku kwa majuma kadhaa. Rangi ya kijani, ile ya Kipindi cha Kawaida, ikirudi tu altareni, ghafla hakuna anayeuliza Jumapili hii inasema nini.

Maana yenyewe ni fupi. Kipindi cha Kawaida ni sehemu ya mwaka wa Kanisa Katoliki inayobaki ukishatoa Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Kina majuma 33 au 34 na kimekatwa vipande viwili. Cha kwanza huanza baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana na kukoma Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Cha pili huanza Jumatatu baada ya Pentekoste na kufika hadi Jumamosi kabla ya Majilio. Katika majuma hayo Kanisa haliadhimishi tukio moja mahususi la maisha ya Kristo. Linaliadhimisha fumbo lake lote kwa pamoja, hasa siku za Dominika.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe, maana hapo ndipo tunapopotezana.

Kilatini, lugha ambayo vitabu vyetu vya Misa vimetafsiriwa kutoka kwake, hakina "kawaida" katika jina la kipindi hiki. Kinasema *tempus per annum*, yaani wakati wa mwaka mzima. Ndiyo maana unasikia pia "Dominika ya 17 ya Mwaka", jina ambalo mimi nalipenda zaidi kwa sababu halina mtego. Lugha nyingine za Ulaya zilichukua njia tofauti: Waitaliano wanasema *tempo ordinario* na Wafaransa *temps ordinaire*. Maneno hayo yote yana shina moja katika *ordo* ya Kilatini, ambayo maana yake ni safu, mpango, vitu vilivyopangwa kimoja baada ya kingine.

Nasi tukasema "kawaida". Wengi hudhani neno hilo ndilo lililoharibu mambo, eti lingetafutwa jingine lenye uzito zaidi. Mimi sikubaliani nao. Kawaida ni neno zito kuliko tunavyolitumia. Limetoka kwenye Kiarabu, *qawa'id*, wingi wa *qa'ida*, na mzizi wake unahusu kukaa, kutulia chini. *Qawa'id* ni misingi. Katika Kurani, Ibrahimu anapoinua misingi ya Nyumba, neno linalotumika ni hilohilo. *Qawa'id* ni kanuni pia. Hadi leo mwanafunzi wa Kiarabu akisema anasoma *qawa'id*, anasoma sarufi. Na Waswahili walilipokea neno hilo na uzito wake, ndiyo maana wakasema kawaida ni kama sheria.

Maana ya "tu", ya "chochote", ya kitu kisicho na umuhimu, imekuja kwa mazoea ya mitaani. Mtu anakuuliza habari, unajibu "kawaida tu", ukimaanisha hakuna jipya. Si kosa, lugha hutembea. Lakini maana hiyo ya salamu tumeibeba hadi kwenye chumba cha mazoezi, tukaitundika juu ya theluthi mbili za mwaka wa Kanisa. Jumapili ya kawaida, kwa asili ya neno lenyewe, ni Jumapili yenye msingi na kanuni. Ni kinyume kabisa cha Jumapili ya chochote.

Kuna mkanganyiko mwingine wa ndani zaidi ambao nimekuta hata walimu wa kwaya wanao. Katika muziki wa Misa kuna "kawaida" nyingine, ambayo Kilatini huiita *ordinarium*: Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo. Maneno ya sehemu hizo hayabadiliki mwaka mzima, ingawa tunaweza kubadili tuni na ingawa Utukufu huondolewa katika Majilio na Kwaresima. Ndizo ambazo kwaya zetu huziita kwa pamoja "misa", kama vile mtu anapouliza leo tunaimba misa ya nani. Upande wa pili ni *proprium*, sehemu zinazobadilika kufuatana na siku: antifona (mstari mfupi wa kuimbwa) ya mwanzo, zaburi ya katikati, shangilio la kabla ya Injili, antifona ya komunyo. Mtu akichanganya kawaida hizi mbili huishia kuamini kwamba katika Kipindi cha Kawaida nyimbo zote hazibadiliki, na kwamba daftari la mwaka jana linatosha. Hali ni tofauti. Kila Dominika ya kipindi hiki ina antifona zake zenye maneno yake. Dominika ya 2 huanza na Zaburi ya 66, nchi yote itakusujudia na kukuimbia. Dominika ya 33 huanza na nabii Yeremia, yale maneno ya Bwana juu ya mawazo ya amani wala si ya mabaya. Kutoka sifa ya dunia nzima hadi ahadi anayopewa mtu aliye uhamishoni ni safari ndefu, na kwaya ndiyo inayowatembeza waamini.

Namba nazo huwachanganya watu. Dominika ya 1 ya kipindi hiki haipo, kwa kuwa nafasi yake imeshikwa na Ubatizo wa Bwana. Mwaka 2024 tuliishia Dominika ya 6 tarehe 11 Februari, Kwaresima ikaingia, na tulipovaa kijani tena siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni, tulikuwa tayari kwenye Dominika ya 10. Ya 7, ya 8 na ya 9 zilikwenda wapi? Majuma yenyewe yalikuwepo, ila Dominika zake zilichukuliwa na Pentekoste, Utatu Mtakatifu, na Mwili na Damu ya Kristo. Hesabu ya kipande cha pili hufanywa kwa kurudi nyuma, ukianzia mwisho: Dominika ya 34 daima ni Kristo Mfalme. Pale majuma yasipotosha, juma moja huruka katikati, na ndiyo sababu ya kusema 33 au 34.

Mpangilio huu si wa zamani sana. Kalenda mpya iliidhinishwa na Papa Paulo VI tarehe 14 Februari 1969 na ikaanza kutumika 1970. Kabla ya hapo Dominika hizi zilihesabiwa baada ya Epifania na baada ya Pentekoste. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT bado wanahesabu baada ya Utatu, na sijamsikia mwanakwaya wao akisema Jumapili ni ya kawaida tu. Jina lenyewe haliwapi nafasi hiyo.

Masomo ya Dominika hupokezana kwa miaka mitatu, A, B na C, na hasara ya kuimba chochote inaonekana wazi zaidi katika Mwaka B. (Mwaka unaogawanyika kwa 3 bila baki ni C, kama 2025, unaofuata ni A, kisha B.) Mwaka B tunasoma Injili ya Marko, ambayo ni fupi. Dominika ya 16 Marko anatuacha Yesu akiwahurumia watu waliokuwa kama kondoo wasio na mchungaji. Hapohapo, kabla ya mikate kuongezwa, Kanisa linamwacha Marko na kufungua sura ya 6 ya Yohane, na tunakaa humo Dominika tano mfululizo, kuanzia ya 17 hadi ya 21. Inaanza na mikate mitano na samaki wawili. Yesu anasema yeye ndiye mkate wa uzima, watu wananung'unika, wengi wanaondoka, na mwishoni Petro anauliza, Bwana, twende kwa nani? Zaburi za katikati zinatembea nayo. Ya 18 inaimba juu ya mana iliyotoka mbinguni, na katika ya 19, ya 20 na ya 21 kiitikio ni kimoja cha Zaburi ya 34: Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema. Kanisa halirudii kiitikio kimoja Dominika tatu kwa kukosa zaburi. Watu wanarudishiwa mwaliko uleule huku mazungumzo katika Injili yakizidi kuwa magumu, na siku ile wengi wanapoondoka, kwaya bado inawaambia, onjeni.

Kwaya yenye zamu katika Dominika hizo ikiweka wimbo wowote wa katikati kwa kuwa watu wameuzoea, imekata uzi huo kwa mkono wake.

Kwa hiyo, kaka yangu wa sauti ya nne, neno ulilotumia ni sahihi, ila ondoa ile "tu" na utaje namba yake. Mwaka 2027 nao ni Mwaka B. Dominika ya 17 itakuwa tarehe 25 Julai. Tarehe 15 Agosti itaangukia Jumapili, hivyo Kupalizwa Bikira Maria kutachukua nafasi ya Dominika ya 20, na "Onjeni mwone" tutaiimba mara mbili badala ya tatu: tarehe 8 na tarehe 22. Mashairi ya tarehe 22 si yale ya tarehe 8, kwa hiyo tuyapitie yote mawili mapema.