Nyongeza za DVD si kila kitu kilichoongezwa

Mtu akinunua Star Trek ile ya kwanza, tamthilia ya Marekani ya safari za anga, kwenye Blu-ray, akakiona chombo chake Enterprise kikipita angani kwa picha za kompyuta ambazo mwaka 1966 hazikuwepo, husema diski ina bonasi. Mwingine akitazama Doctor Who, tamthilia ya BBC ya kusafiri katika wakati, ya miaka ya 1960 akakuta sehemu moja imechorwa katuni, naye husema bonasi. Hata zile filamu za Doctor Who zilizokutwa Nigeria nimeshasikia zikiitwa bonasi. Haya ni mambo matatu yasiyofanana, na hakuna hata moja linalostahili jina hilo bila maelezo. Nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo naona bora nilieleze.

Nyongeza, au bonasi kama wengi tulivyozoea, ni kitu kilichowekwa kwenye diski pamoja na kipindi bila kukigusa kipindi chenyewe. Mahojiano, picha za nyuma ya pazia, trela, vipande vilivyokatwa, waigizaji wakikosea na kucheka, sauti ya maelezo. Kipimo chake ni kimoja: ukiiondoa, kipindi kinabaki kamili kama kilivyorushwa. Maana ni hiyo tu, na kama watu wangeishia hapo nisingeandika.

Huku kwetu sababu ya kuchanganya ninaielewa. Wengi tulizijua tamthilia hizi kwa diski za mtaani, msimu mzima umeshindiliwa kwenye DVD moja. Kitu cha kwanza kutupwa ili nafasi itoshe kilikuwa hizo nyongeza. Mtu hakuwahi kuona menyu inayomuuliza anataka nini, kwa hiyo siku akipata toleo halisi, kila asichokitambua anakiita bonasi.

Hata sauti ya maelezo, ambayo ni nyongeza bila ubishi wowote, watu huielewa visivyo. Mwongozaji, mwandishi au mwigizaji anaongea huku kipindi kinaendelea: shoti hii tulipiga saa ngapi, ukuta ule ulitengenezwa kwa nini, nani alikuwa mgonjwa siku hiyo. Aliyekulia kwenye vibanda umiza akiisikia anamkumbuka DJ anayetafsiri filamu juu kwa juu, na anadhani ni kitu kilekile. Kazi ya DJ naiheshimu sana, lakini yeye sauti yake imefunika ya asili na huwezi kuitoa. Ametengeneza kitu kipya. Sauti ya maelezo unaiwasha na kuizima kwa rimoti. Ilianza mwaka 1984, pale Criterion, kampuni ya Marekani ya kutoa filamu, walipotoa King Kong kwenye leza diski, ile diski kubwa iliyotangulia DVD. Leza diski ilikuwa na njia mbili za sauti, na filamu ile ya 1933 ilihitaji moja tu. Ile ya pili akapewa mwanahistoria wa filamu, Ronald Haver, aeleze kazi ilivyofanyika.

Rod Serling, aliyeunda The Twilight Zone, mfululizo wa hadithi za ajabu, alifariki mwaka 1975, kabla ya mtu yeyote kufikiria jambo kama hilo. Waliotayarisha DVD za mfululizo wake mwaka 2004 na 2005 walitafuta kanda za mihadhara aliyowapa wanafunzi, wakaziingiza kwenye diski ili angalau sauti yake isikike akizungumzia uandishi wake. Kuna vipindi pia ambavyo unaweza kuyazima mazungumzo yote ukabaki na muziki peke yake, ukamsikia mtunzi Bernard Herrmann au Jerry Goldsmith akifanya kazi yake. Hiyo ndiyo nyongeza hasa. Kipindi hakijaguswa hata unywele, nawe umekielewa zaidi.

Sasa tuje kwenye Enterprise inayong'aa. Mwaka 2006, Star Trek ilipotimiza miaka 40, vipindi vyake vyote 79 vilianza kurudishwa hewani Marekani vikiwa vimebadilishwa. Picha ilisafishwa, sawa, lakini pia madoido ya zamani yaling'olewa. Modeli za vyombo, sayari zilizochorwa kwa mkono, vyote vikatolewa na mahali pake pakawekwa picha za kompyuta. Aliyekuwa anaangalia televisheni hakuulizwa. Hiyo haiwezi kuitwa nyongeza, kwa sababu kitu kimeondolewa ili kingine kikae. Ni ubadilishaji. Blu-ray za mwaka 2009 zilirekebisha jambo hilo kwa namna nzuri: unachagua mwenyewe madoido ya asili au mapya, na yote mawili yamo kwenye diski moja. Picha ni zilezile za kompyuta, ila hapo sasa ukiziita nyongeza sitabishana nawe.

Naona hapa ndipo watu wanapopotea. Wanadhani suala ni teknolojia, eti kompyuta ikitumika basi ni kitu fulani na isipotumika ni kingine. Suala ni kama cha asili bado kipo na unaweza kukifikia. Red Dwarf, ile ya vichekesho vya anga iliyoanza BBC mwaka 1988, inaonyesha hilo waziwazi. Mwaka 1998 misimu yake mitatu ya kwanza ilifanyiwa toleo jipya: chombo kilichokuwa modeli kikawa cha kompyuta, picha ya mkanda wa video ikachakatwa ifanane na filamu, maneno mengine yakakatwa. Mashabiki wengi hawakulipenda. DVD zilipoanza kutoka mwaka 2002 zilibeba vipindi vya asili, na lile toleo la 1998 likaja kutolewa peke yake mwaka 2007, kwenye seti iliyoitwa The Bodysnatcher Collection, kwa anayetaka kulinganisha. Kazi ileile iliyokuja kama mbadala wa kipindi ikaishia kuwa nyongeza, na hakuna hata fremu moja iliyobadilika kati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Doctor Who walilipata jambo hili mapema zaidi. Hadithi ya mwaka 1964, The Dalek Invasion of Earth, ina chombo chenye umbo la kisahani cha Daleki, maadui wa Doctor Who, kinachopita juu ya London, na unaona kabisa ni kitu kidogo kinaning'inia. DVD ya mwaka 2003 iliweka kisahani kipya cha kompyuta, lakini kama hiari kwenye menyu. Usipogusa kitu, unaona kile kile walichoona watoto wa Uingereza mwaka ule. Mimi naanza na cha zamani kila mara. Waliokitengeneza walikuwa na pesa kidogo na muda mfupi, na ujasiri wao wa kujaribu ni sehemu ya hadithi yenyewe.

Kisha kuna usafishaji, ambao watu huuita rimasta na kuuchanganya na huo ubadilishaji. Usafishaji unagusa kipindi, kwa hiyo si nyongeza, lakini hauweki kitu kigeni. Unaondoa kilichozuia kuona. Mfano bora ninaoujua ni Star Trek: The Next Generation, ya mwaka 1987 hadi 1994. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ambayo hubeba picha kali sana, ila uhariri na madoido yalifanyika kwenye mkanda wa video wa kawaida wa siku hizo. Kipindi kilichokamilika kilikuwepo kwenye mkanda tu, na mkanda huo hata ungeupanua vipi usingekupa uso ambao haukuwahi kuubeba. Kwa hiyo, walipotaka kuitoa kwenye Blu-ray, walirudi kwenye maboksi ya negativu. Wakaskani filamu ya asili, wakafuata uhariri wa zamani shoti kwa shoti, wakaunganisha upya madoido kutoka kwenye vipande vya filamu vilivyopigwa wakati ule, kila safu kwa safu yake. Misimu saba ilitoka kati ya 2012 na 2014. Pale negativu ilipokosekana, sekunde chache hapa na pale, walilazimika kupanua mkanda, na unaona picha ikififia ghafla halafu ikirudi.

Kazi kubwa kama hiyo kuiita bonasi ni kuishusha. Ni kama fundi akutengenezee paa lote la nyumba, wewe ukamshukuru kwa zawadi.

Ila kwenye diski hizohizo kuna nyongeza moja ambayo ningependa kila mtu aione. Kipindi cha mwaka 1989, The Measure of a Man, kinahusu kesi ya Data: je, roboti huyu ni mali ya jeshi la vyombo vya angani analolitumikia au ni kiumbe mwenye haki ya kukataa? Kilivyorushwa kina dakika kama 45, maana matangazo ya biashara hayasubiri mtu. Mwandishi wake, Melinda Snodgrass, alikuwa amejiwekea kanda ya VHS yenye uhariri mrefu zaidi kabla haujapunguzwa. Kanda hiyo ikawa ramani. Kwa kuifuata, watayarishaji waliweza kuzitafuta zile shoti kwenye negativu na kukipa kipindi toleo la dakika 57 hivi, lenye ubora uleule wa mengine. Na juu ya hilo wakaweka toleo la tatu, ambamo vipande vilivyorudishwa vinaonekana kwa picha ya VHS yenyewe, yenye ukungu na mistari yake. Kilichorushwa 1989 kipo palepale, hakijaguswa. Ukitazama yote matatu unaelewa mhariri alitoa nini na kwa nini, na kwamba mara nyingine alilazimishwa na saa tu.

Jambo gumu zaidi ni la vipindi vilivyopotea. BBC katika miaka ya 1960 na 1970 walifuta kanda nyingi, kwa kuwa mkanda wa video ulikuwa ghali na uliweza kutumika tena, na hakuna aliyefikiri mtu angetaka kuangalia Doctor Who mara ya pili. Zilizonusurika ni hasa nakala za filamu ya milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Nakala hizo zilitumwa kwenye vituo vya televisheni, zikirushwa zinapelekwa kituo kingine, zinarudishwa au zinaharibiwa. Nyingine zilisahaulika. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, anayetafuta filamu zilizopotea, alikuta makopo kwenye kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Ndani yake mlikuwa na sehemu tisa ambazo hazikuwepo popote: tano za The Enemy of the World, ambayo kwa hizo ikakamilika, na nne za The Web of Fear. Idadi ya sehemu zilizopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97. Mimi naona fahari kwamba hifadhi ilitokea Afrika, hata kama ilikuwa hifadhi ya bahati. Lakini si bonasi. Kilichorudi kutoka Jos ni kipindi chenyewe.

Kwa zile zisizopatikana kuna njia mbili, nazo pia zina jina lake: ujenzi upya. Sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo, kwa sababu kuna mashabiki waliorekodi nyumbani kwa tepu rekoda wakati kipindi kiko hewani. Kwa sehemu nyingi zipo pia picha za John Cura, mtu aliyekuwa akipiga picha kioo cha televisheni vipindi vikirushwa, akiwauzia waigizaji na waongozaji ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuiona kazi yao. Unaweza kuzipanga picha hizo juu ya sauti. Au unaweza kuchora katuni juu ya sauti ileile, kama ilivyofanyika kwa mara ya kwanza kwenye DVD ya The Invasion mwaka 2006, ambako sehemu ya kwanza na ya nne kati ya nane zilichorwa. Katuni hiyo haikai pembeni ya kipindi. Imeshika nafasi ya kitu kisichokuwepo, na ukiitoa hadithi inabaki na shimo. Kwa hiyo kipimo cha nyongeza kinaikataa. Wala si usafishaji, maana hakuna picha ya kusafisha.

Kuna jambo moja ambalo hata kwa kipimo hiki linahitaji kufikiriwa. Doctor Who ya zamani ilirekodiwa kwa kamera za video, zenye mwendo laini wa picha 50 kwa sekunde. Iliponakiliwa kwenye filamu, mwendo huo ukashuka hadi 25. Waliotengeneza DVD walitumia mbinu iitwayo VidFIRE kuurudisha, na mbinu hiyo inabidi ibuni picha za katikati kwa kukisia kutoka zilizopo. Wapo wanaosema huo ni ubadilishaji. Mimi nauweka kwenye usafishaji, kwa sababu lengo ni kurudisha kilichoonekana sebuleni siku ya kwanza. Anayepinga ana hoja, na ningependa kuisikia.

Basi, mtu akikuuliza kuhusu sehemu ya tatu ya The Web of Fear, usimwambie imo kwenye bonasi. Mwambie sauti yake ipo, picha za Cura zipo, katuni ya mwaka 2021 ipo, na filamu yenyewe bado haijapatikana.