Eti Nimlete Akifikisha Miezi Sita

Juzi tena. Simu inaita, mtu ananieleza kwamba mbwa wake ana miezi saba, akimwona mwanamume mwenye kofia anajichimbia chini ya meza na kunguruma, akiguswa mguu anatoa meno. Nikamuuliza, tangu umchukue umemfunza nini? "Sijamfunza kitu, mwalimu. Nilikuwa namsubiri akue kwanza." Nilinyamaza. Nisingenyamaza, ningempoteza mteja.

Hii imani kwamba mbwa hafunzwi mpaka afikishe miezi sita, kwa ninavyoona mimi, ni masalia ya ufunzaji wa kuvuta mnyororo shingoni kwa ghafla. Shingo ya mtoto haihimili mambo hayo, basi watu wakawa wanangoja. Leo tunafunza kwa kipande cha nyama. Ni mtoto gani huyo ambaye hajafikia umri wa kula nyama?

Wiki mbili za kwanza sina la kusema, ni za mama. Kijibwa haoni, hasikii, hata kukojoa hawezi mpaka mama amlambe. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yakafuata. Mshike kidogo kila siku, mrudishe kwa mama yake, basi.

Wiki ya 3 ndipo mambo yanapoanza. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 au 14, ubongo wake unaweka kumbukumbu ya vitu vya kawaida duniani: watu, watoto, magari, ngazi, ufagio, miavuli. Asichokutana nacho wakati huo, baadaye hukitilia shaka. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Bar Harbor, Marekani: watoto wa mbwa walilelewa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, mbali na binadamu, wakawa wanatolewa kwa umri tofauti. Waliokaa humo mpaka wiki ya 14 hawakuja kuwazoea watu kama wenzao.

Sasa piga hesabu. Umemchukua akiwa na wiki 8. Umebakiwa na wiki 4, ukibahatika 6. Miezi sita ni wiki ya 26.

"Lakini daktari kasema asitoke mpaka chanjo ziishe." Daktari ana haki ya kuogopa. Parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuhara na kutapika, inaua, na kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi na miezi. Tena kinga aliyoinyonya kwa mama huweza kuizuia chanjo isishike, ndiyo maana sindano hurudiwa mpaka karibu wiki ya 16. Yaani chanjo zinaisha wakati dirisha la kuzoea dunia limeshafungwa! Lakini kutotoka nje ni jambo moja na kutokanyaga udongo ni jingine. Mbebe. Mpakate ndani ya gari, mlango wazi, atazame watu wakipita. Mpeleke kwa rafiki mwenye mbwa mzima aliyechanjwa. Madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani walishatoa msimamo mwaka 2008 kwamba mtoto anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi zimepita angalau siku 7 tangu chanjo ya kwanza.

Hapa napo huzuka balaa la pili, na hili ndilo linaloniudhi kuliko hata lile la miezi sita. Mtu akishasikia "mzoeze watu," anamchukua mtoto wa wiki 9 anampeleka kwenye sherehe, anapokezwa mkono kwa mkono kama sahani ya karanga. Kila mtu anambusu. Mwenyewe anafurahi: "Ona alivyotulia!" Hajatulia, bwana, ameganda. Kuzoea hakumaanishi kushikwa. Maana yake ni kuona kitu, kukitafakari, na kuwa na ruhusa ya kuondoka.

Mimi nafanya hivi. Nasimama na kijibwa mbali na barabara, pikipiki zinapita. Namwangalia yeye, pikipiki sina habari nazo. Masikio yamelala nyuma? Anajilamba midomo na hana njaa? Anapiga miayo na ametoka kulala? Nampa nyama. Akiipokea taratibu, tupo mahali pazuri. Akiipokonya na vidole vyangu, tumekaribia mno. Akiikataa kabisa, somo limeharibika, narudi nyuma mpaka aile. Dakika tano, tunaenda nyumbani. Wateja wengine huona nimewapunja.

Mengine nayataja juu juu maana nimeshayachoka. Anang'ata kwa sababu ni mtoto: ana meno 28 ya utotoni, kuanzia mwezi wa 4 yanang'oka yaje 42. Aking'ata, mchezo umeisha, ondoka. Ukimpiga pua utakuwa umemfundisha kuogopa mkono. Mkojo: mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi lolote. Halafu kuna ujana, ambao huanza hapo kwenye miezi sita tunayoisubiri, pale hata aliyefunzwa vizuri ukimwita "njoo" anakutazama kama mpita njia. Huo ndio wakati mtu anachagua kuanza!

Nikiri kitu. Wiki 12 au 14 si mstari uliochorwa kwa rula, mbwa hutofautiana. Na nilishawahi kumlea wangu kwa kufuata kila nililoandika hapa, akaja kuwa mwoga wa wageni hadi leo. Baadaye sana nilienda kumtazama mama yake. Alikuwa nyuma ya pipa, hakutoka hata nilipochuchumaa. Nilipaswa kwenda kabla sijamchukua mtoto. Sehemu gani ilikuwa damu na sehemu gani ni mimi, bado nabishana na nafsi yangu.

Yule wa miezi saba tumeanza Jumamosi. Tuliiweka kofia sakafuni, mita sita mbele yake, bila mtu ndani. Alikula vipande vitatu, cha nne akakiacha. Tukarudi nyuma hatua mbili.