Je, wajua kwa nini mbwa wa jirani humwandama dume asiyehasiwa hata kama hajawachokoza?

Kwa karibu miaka miwili niliamini kwamba mkorofi ni mbwa wangu. Kila asubuhi tulipopita mbele ya geti la jirani, mbwa wake wawili, ambao hawafungwi, walitoka mbio: mmoja anakuja usoni, mwingine anazunguka nyuma. Dume wangu ananguruma, manyoya ya mgongoni yamesimama, nami navuta kamba kwa nguvu zangu zote. Siku moja nikapita njia ileile na mbwa jike wa dada yangu. Mbwa walewale walimnusa, wakatikisa mkia, wakarudi kulala. Basi nikatoa hukumu: dume huyu ana kisirani, na dawa yake ni kuhasiwa tu, ukali uishe.

Hukumu hiyo ilikuwa na makosa mawili, na wafugaji wengi wa madume huyafikia kwa njia hiyohiyo niliyopita mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mbwa wa jirani wanajibu tabia ya mbwa wangu. Nilipoanza kuwatazama kwa makini niligundua kwamba mara nyingi walikuwa wameshainuka kabla hatujatokeza kwenye kona. Hawakuwa wametuona. Hakuna aliyenguruma bado. Habari zilikuwa zimetutangulia.

Aliyewahi kupita karibu na banda la mbuzi anaijua habari hii bila kufundishwa. Beberu hujulikana kabla hajaonekana. Si lazima alie wala apige pembe; upepo ukielekea kwako unajua yupo, na mbuzi jike wanajua zaidi yako. Mhasi beberu huyo, na baada ya muda harufu ile inakwisha, mbuzi wenzake wanaanza kumchukulia kama mnyama mwingine ingawa sura na pembe ni zilezile. Kwa mbwa mambo ni hayohayo. Tofauti ni kwamba harufu ya mbwa dume ni hafifu mno kwa pua ya binadamu, kwa hiyo tunaishi naye nyumba moja tukidhani haipo.

Inatoka wapi? Korodani hutoa homoni ya testosteroni, na homoni hiyo hubadilisha mchanganyiko wa kemikali katika mkojo wa mbwa na katika majimaji ya tezi zake. Mkojo wa dume kamili na wa dume aliyehasiwa haufanani kikemikali, na pua ya mbwa haipati shida kuutofautisha. Kwa makadirio ya kawaida, binadamu ana chembe za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Hata njia ya hewa ndani ya pua yake imegawanyika: sehemu ya hewa anayovuta huenda kwenye mapafu, na sehemu nyingine huelekezwa nyuma, kwenye vyumba vya kunusia, ikakaa huko ichunguzwe. Akitoa pumzi, hewa hupitia nyufa za pembeni mwa pua, ili isiifukuze harufu mpya inayoingia kwa mbele.

Tena mbwa ana kiungo cha pili cha kunusia. Juu ya kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele, kuna jozi ya mirija midogo inayoitwa kiungo cha Jacobson, kwa jina la daktari wa Denmark, Ludvig Jacobson, aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Ukimwona dume wako amenusa mahali, kisha analamba hewa, anagonganisha meno kama anayetetemeka kwa baridi na mate yanamtoka, inaaminika kwamba wakati huo anapeleka kemikali kwenye mirija hiyo. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa unayoweza kuyashuhudia kwenye matembezi ya kawaida: mnyama anasoma hali ya mwenzake ambaye amepita hapo tangu jana.

Ila ni vizuri kwenda taratibu hapa. Mwaka 1979 watafiti walitangaza katika jarida la Science kwamba wameipata kemikali moja ambayo jike wa mbwa huitoa akiwa kwenye joto, yaani siku anazotaka dume, na ambayo huwaita madume. Wengine waliojaribu baadaye hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba harufu ya mbwa ni kemikali moja yenye jina lake, shuku. Inaelekea zaidi kuwa ni mchanganyiko, na kiasi cha kila kilichomo kina maana yake.

Sasa rudi kwenye geti la jirani. Dume kamili hukojoa kidogokidogo mahali pengi, na hupenda kukojoa juu ya mkojo wa mwenzake. Hiyo si haja ndogo, ni alama. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba madume wadogo kwa umbo hunyanyua mguu kwa pembe kubwa zaidi kuliko wakubwa, na inadhaniwa kwamba mkojo kadiri unavyogonga juu ndivyo unavyomfanya mwenyewe aonekane mkubwa kwa atakayekuja kuunusa. Nami kwa miaka miwili nilikuwa nikimwacha wangu anyanyue mguu kwenye nguzo ya geti la jirani kila siku. Fikiria mgeni anayeandika jina lake kwenye mlango wa mtu kila asubuhi, kisha anashangaa wenye nyumba wakimpokea kwa hasira.

Wakufunzi wa mbwa na wenye vituo vya kulaza mbwa husimulia mara kwa mara kwamba dume asiyehasiwa akiingizwa kwenye kundi ndiye anayefuatwa, anayepandwa na anayechokozwa zaidi, hata akiwa mpole, na hata na madume waliohasiwa. Huo ni ushuhuda wa macho ya watu wenye uzoefu, si vipimo vya maabara, kwa hiyo uchukue hivyo. Lakini unalingana sana na nilichokuwa nakiona.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi: kudhani kwamba ukali unakaa kwenye korodani, ukiziondoa umeuondoa, kama mwiba.

Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walifuatilia madume 42 waliohasiwa wakiwa watu wazima. Kuzurura kulipungua kwa karibu tisa kati ya kila kumi. Kupanda-panda kulipungua kwa takriban theluthi mbili, kutia alama kwa nusu, na ugomvi kati ya dume na dume kwa takriban sita kati ya kumi. Namba hizo zilisafiri sana, na ndizo zilizofanya watu waseme mhasi tu atulie. Lakini mwaka 1997 utafiti mwingine wa madume 57 ulitoa picha isiyo na matumaini makubwa hivyo: kuzurura, kutia alama na kupanda vilipungua vizuri kwa wengi, ila ukali wa aina mbalimbali ulipungua kwa nusu au zaidi kwa chini ya theluthi moja hivi ya mbwa. Kisha mwaka 2018 ukachapishwa uchambuzi wa majibu ya wamiliki wa mbwa 13,795. Haukuona ushahidi kwamba waliohasiwa ni wapole zaidi kwa mbwa wenzao kuliko wasiohasiwa.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Tafiti hizi hutegemea wamiliki kueleza mbwa wao, na mbwa anayehasiwa mara nyingi ni yule aliyekwisha kuwa na matatizo. Kubwa zaidi ni kwamba ukali si kitu kimoja. Mbwa hunguruma kwa hofu, kwa maumivu, kwa kulinda chakula, kwa kukumbuka aliyemuuma mwaka jana. Testosteroni haiwashi moto, huupulizia. Palipo na kaa la ugomvi wa madume, kupuliza kukikoma moto unaweza kupungua. Palipo na kaa la hofu, hakuna kitakachopungua, na baadhi ya madaktari wa mifugo hutahadharisha kwamba mbwa mwoga anaweza kupoteza ujasiri kidogo aliokuwa nao. Isitoshe, mbwa aliyezoea kwa miaka miwili kwamba geti lile maana yake ni vita, hasahau siku anapofunguliwa nyuzi za upasuaji.

Nisieleweke kwamba napinga kuhasi. Kunazuia watoto wasiotakiwa, kunaondoa saratani ya korodani, kunapunguza uvimbe wa tezi dume uzeeni, na kwa dume anayeruka ukuta kila jike wa mtaa anapoingia joto, huenda kukamwokoa asigongwe na gari. Pia kunaondoa ile harufu, hivyo mbwa wengine wanaweza kupunguza bughudha. Yaani kunaweza kusaidia kwa kuwabadilisha wao zaidi kuliko kumbadilisha yeye. Umri wa kuhasi nao una uzito, hasa kwa mbwa wa aina kubwa, ambao baadhi yao wakihasiwa mapema mno huonekana kupata zaidi matatizo ya viungo. Hilo ni la kuzungumza na daktari wa mifugo anayemjua mbwa wako. Na ukimhasi, kumbuka bado anaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizobaki njiani hazimaliziki siku hiyohiyo.

Mimi niliamua kushughulikia kwanza kile kilichokuwa mkononi mwangu, nacho kilikuwa kamba.

Mbwa wana hodi yao. Wawili wenye adabu hawaendeani usoni moja kwa moja. Hujipinda, wanakuja kwa upinde, wanatazama pembeni, wananusa chini, kisha wananusana nyuma kwa muda mfupi na kuachana. Mbwa aliyefungwa kamba iliyokazwa hawezi kupiga hodi hiyo. Kifua kimesukumwa mbele, shingo imevutwa juu, macho yanatazama mbele. Kwa lugha ya mbwa, huyo ni mtu aliyesimama mlangoni amekunja ngumi, na aliyemkunjisha ni mwenye kamba. Ndiyo maana mbwa yuleyule huwa mgomvi zaidi akiwa amefungwa kuliko akiwa huru. Jibu si kumwachia, jibu ni umbali. Ukiwaona mapema, vuka upande wa pili, pinda njia, endelea kutembea huku kamba ikiwa fupi lakini imelegea. Wakikukaribia, mweke mbwa nyuma yako na umwage chakula kidogo chini kuelekea wale wanaokuja. Mbwa wengi wazururaji huinamisha vichwa, nawe umepata nafasi ya kuondoka. Usikimbie, na usimbebe mbwa wako juu kama mambo hayajawa mabaya kabisa, maana wengi watarukia alipo. Wakishashikana, usitie mkono kati ya midomo. Ndoo ya maji husaidia kuliko kelele.

Kuna wiki ambazo hata haya hayatoshi. Jike huingia joto kwa wastani mara mbili kwa mwaka, na kila mara huchukua takriban wiki tatu. Akiwa wazi mtaani, madume humfuata kwa kundi, na dume wako akiwa ndani ataacha kula, atalia, atachimba chini ya uzio. Hizo ndizo siku za mapigano mabaya zaidi. Zina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: kuna uvimbe wa saratani unaoambukiza mbwa kwa kujamiiana, na pia kwa kulambana na kunusana. Anachoambukizwa mbwa si virusi. Ni chembe zenyewe za saratani zinazohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Zote duniani zina asili ya mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani sana, chembe zake bado ziko hai kwenye mbwa wa leo. Habari njema ni kwamba hutibika vizuri kwa dawa za saratani. Ukiona damu au kinyama kwenye uume wa dume wako, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mkiumwa, wewe au mbwa wako, na mbwa ambaye chanjo yake huijui, jambo linabadilika kabisa. Kidonda cha mtu kioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo, hata kama alikwisha kuchanjwa.

Kwa jirani nilikwenda mwisho, na nilipaswa kwenda mwanzo. Sikwenda siku ya ugomvi. Nilikwenda jioni, nikapiga hodi, nikaanza na kosa langu: kwamba mbwa wangu amekuwa akikojolea nguzo ya geti lake na kwamba nimekwisha kumkataza. Kisha nikaomba kitu kidogo chenye saa: geti lifungwe kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, nami nitapita muda huo tu. Alikubali kwa sababu ombi lilikuwa dogo kiasi cha kukumbukika. Tukakubaliana pia kuchanja mbwa wote watatu siku moja.

Dume wangu hajahasiwa bado. Siku ambazo geti linasahaulika, yule wa mbele bado hutoka. Husimama katikati ya njia, hunyanyua pua, nasi tunapinda kuelekea upande wa pili kamba ikiwa imelegea. Juma lililopita alinusa chini tulipokuwa tumepita, akanyanyua mguu mahali pale, akarudi ndani.