Maana ya kipindi cha mpito kwa kijana mwenye ulemavu

Katika mazungumzo ya elimu na ajira za watu wenye ulemavu, neno "mpito" halimaanishi siku ya mahafali wala barua ya kujiunga na chuo. Linamaanisha kipindi kizima, aghalabu cha miaka kadhaa, ambacho kijana huandaliwa kutoka shuleni, ambako mahitaji yake yanajulikana na kushughulikiwa na watu wengine, na kuingia chuoni au kazini, ambako hakuna anayemfahamu na itambidi ajieleze mwenyewe.

Badiliko hilo la nani anapaswa kusema ndilo kiini cha dhana yenyewe, na linaonekana wazi zaidi nchini Marekani, ambako mpito umewekwa kisheria. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu ya huko, IDEA, inataka mpango wa elimu wa mwanafunzi uwe na malengo ya mpito afikapo umri wa miaka 16. Akishahitimu sekondari, ulinzi wa sheria hiyo unakoma, na chuoni anabaki na sheria zinazokataza ubaguzi, ikiwemo ADA ya mwaka 1990. Chuo hakiwajibiki kumtafuta. Yeye ndiye aende ofisi inayohusika, aeleze hali yake na kuomba anachohitaji, na mzazi aliyezoea kuitwa kwenye kila kikao hugundua kwamba safari hii hakuitwa.

Tanzania nako hali hiyo ipo, hata pasipo kuitwa kwa jina hilo. Mtahiniwa asiyeona hupewa mtihani wa taifa kwa maandishi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu hupewa wenye maandishi makubwa, na Baraza la Mitihani huwaongezea muda wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Yote hayo hupangwa na wakubwa kabla mtoto hajaingia kwenye chumba cha mtihani, na kwa maoni yangu hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa kuwa kijana anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuwahi kutamka kwa kinywa chake, au kwa mikono yake, kitu anachokihitaji.

Chukua mfano wa msichana kiziwi anayesoma midomo. Shuleni walimu walizoea kumtazama wanapozungumza. Chuoni, mhadhiri anaandika ubaoni huku akiendelea kueleza, mgongo ukiwa umegeukia darasa, na kila anapogeuka hivyo sentensi nzima humpotea msichana huyu. Anachohitaji ni kiti cha mbele, muhtasari wa somo mapema na, inapowezekana, mkalimani wa lugha ya alama. Maandalizi ya mpito yangempa nafasi ya kulizoea ombi hilo tangu kidato cha tatu: kuliandika, kumpelekea mwalimu mgeni, kukataliwa na kurudi tena. Stadi hiyo huitwa kujisemea, nayo hujifunzwa kwa mazoezi kama stadi nyingine yoyote.

Upande wa kazi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria inaweza kufungua mlango, ila haimfundishi kijana namna ya kuvuka kizingiti. Ndiyo maana mafunzo ya ufundi stadi, kama yatolewayo katika chuo cha watu wenye ulemavu cha Yombo jijini Dar es Salaam, huhesabiwa kuwa sehemu ya mpito, sawa na mafunzo kwa vitendo katika ofisi au karakana ya kawaida, ambako kijana hujifunza kupanda daladala alfajiri na kupokea maagizo kutoka kwa msimamizi asiyejua lolote kuhusu ulemavu.

Msimamizi wa namna hiyo, akiletewa binti yule kiziwi, huenda swali lake la kwanza likawa, "Sasa nikimhitaji nitampigiaje simu?" Binti aliyeandaliwa hamsubiri mtu amjibie. Anachukua karatasi, anaandika namba yake, na chini yake anaongeza: "Nitumie ujumbe."