Etheneti juu ya mitandao ya zamani ya simu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Meneja anayeambiwa kwamba laini mpya ya Etheneti (mfumo wa kawaida wa kuunganisha kompyuta) ya ofisi yake itapita kwenye mitambo ya SDH, yaani mfumo wa kampuni za simu wa kusafirisha mawasiliano ya kidijitali, iliyosimikwa miaka mingi iliyopita hukunja uso, kana kwamba ameuziwa gari jipya lenye injini kuukuu. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, sababu nyingi zinazotolewa kuitetea hazina msingi, na zile chache zenye msingi ndizo ambazo wateja huwa hawaulizi.

Dhana potofu: Mtandao uliojengwa kwa ajili ya sauti hauwezi kubeba Etheneti halisi.

Ukweli: Anachonunua mteja ni fremu, yaani vifurushi vya data vya Etheneti, zinazoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili zikiwa vilevile, kinachozibeba katikati ni jambo jingine. Kwa utaratibu wa kufungasha data uitwao GFP, ambao ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, iliuweka katika kiwango cha G.7041, kila fremu huongezewa baiti 8 za utambulisho, kisha hupakiwa ndani ya makasha ya SDH yanayosafiri kwa mpigo uleule wa mara 8,000 kwa sekunde uliobuniwa kwa mazungumzo ya simu. Mahali palipobaki nyaya za shaba tu, kiwango cha 802.3ah cha mwaka 2004, cha IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango vya Etheneti, kinaruhusu jozi kadhaa za nyaya, hadi 32, zitumike pamoja kama njia moja. Mtambo haujali kama biti ni ya sauti au ya ankara.

Dhana potofu: Ngazi za SDH hazilingani na za Etheneti, hivyo sehemu kubwa ya uwezo hupotea bure.

Ukweli: Zamani ilikuwa hivyo. Laini ya gigabiti 1 ililazimika kupewa kasha moja kubwa la SDH liitwalo VC-4-16c, lenye nafasi ya takribani gigabiti 2.4 kwa sekunde, na zaidi ya nusu yake ikabaki tupu. Ilipokuja mbinu iitwayo VCAT, makasha madogo yalianza kuunganishwa kwa idadi inayohitajika tu, hata kama kila moja linapita njia yake, na kifaa cha mwisho ndicho kinachoyapanga upya. Makasha saba ya aina ya VC-4 hutosha gigabiti 1, na matano ya aina ndogo zaidi, VC-12, hutoa megabiti 10.88 kwa laini ya megabiti 10.

Ugomvi huzuka kwenye laini ya megabiti 100, ambayo mara nyingi hupewa VC-3 mbili zenye jumla ya megabiti 96.8 tu, na mteja akaona amepunjwa. Hesabu yenyewe haiko wazi kiasi hicho. Kwenye kebo, kila fremu huandamana na baiti 20 za utangulizi na pengo, lakini GFP huziacha mlangoni na kuweka zake 8. Fremu ya baiti 64, iliyokuwa ikichukua nafasi ya baiti 84 kwenye kebo, ndani ya kasha huchukua 72. Kwa hiyo hata mlango wa megabiti 100 ukijaa fremu ndogo kama hizo, kinachohitajika ndani ni takribani megabiti 85.7, na VC-3 mbili zinatosha na kubaki. Fremu ya baiti 1,518 hupungua kutoka 1,538 hadi 1,526 tu. Hapo panahitajika megabiti 99.2, na mlango ukijazwa pomoni baadhi ya fremu zitatupwa. Fundi anayepima kwa fremu ndogo peke yake atatoa cheti safi kwa laini isiyotimiza ahadi, ndiyo maana mimi huomba matokeo ya fremu za ukubwa wote wawili kabla ya kutia sahihi.

Dhana potofu: Faili likinakiliwa polepole, mtandao wa zamani ndio wa kulaumiwa.

Ukweli: Mara nyingi kosa liko kwenye kompyuta zenyewe. Kompyuta inayotuma baiti 65,535 kisha ikasubiri uthibitisho, kwenye njia ambayo kwenda na kurudi huchukua milisekunde 40, haiwezi kuzidi megabiti 13 au zaidi kidogo kwa sekunde, hata ingeunganishwa kwa gigabiti 10. Faiba mpya haitaponya tatizo hilo, kwa sababu mwanga ndani yake hutumia takribani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, mitambo iwe mipya au mikuukuu.

Dhana potofu: Mkondo mmoja kati ya ile iliyounganishwa ukiharibika, huduma nzima huzimika.

Ukweli: Inategemea LCAS, utaratibu unaoondoa mkondo mbovu kwenye kundi bila kukata huduma. Laini iliyojengwa kwa E1 nne, yaani mikondo ya simu ya takribani megabiti 2 kila mmoja, hutoa takribani megabiti 8; LCAS ikiwa imewashwa pande zote mbili na E1 moja ikafa, huduma hushuka hadi megabiti 6 hivi na kuendelea. Bila hiyo, kundi zima la mikondo huanguka.

Dhana potofu: Taa ya kijani ikiwaka mlangoni, laini iko hai.

Ukweli: Taa hiyo inazungumzia mita chache za kebo kati ya ruta yako na kifaa cha kampuni ya simu, basi. Mkondo ukikatika kilomita mia mbele, taa inaweza kuendelea kuwaka huku ruta ikimwaga fremu shimoni bila kuhamia njia ya akiba, kwa sababu haijaambiwa lolote. Dawa ipo: kifaa cha kampuni kinaweza kupangwa kizime mlango wako mara njia ya nyuma yake inapokatika, au pande mbili zipeane ujumbe wa uhai kwa utaratibu wa IEEE 802.1ag. Mipangilio hii haiji yenyewe, bali sharti iombwe. Siku ya makabidhiano, mwambie fundi aliye upande wa mbali achomoe kebo, nawe usimame mbele ya ruta yako uitazame taa.